Fizi za Mama Mkwe

Nina kijiti cha chuma, chembamba, chenye alama za milimita. Unakipenyeza polepole kati ya ufizi na jino, sehemu sita kila jino, kisha unasoma: mpaka tatu, salama, ikizidi hapo, ugonjwa huenda umeanza kula ndani. Wanafunzi wa udaktari wa meno wanaokuja kwangu hapa Arua nawahubiria kila siku kwamba jicho linadanganya, wapime. Nahubiri vizuri sana, hata mimi hujisikia.

Kila Alhamisi nakwenda kliniki ya Koboko. Alhamisi moja akaingia mama mkwe wangu, fizi zinamtoka damu akipiga mswaki. Kwetu mbele ya mama mkwe hata chakula huli, sembuse kumtia vidole mdomoni! Na daktari mwingine hakuwapo. Nikamwomba afungue mdomo, nikasimama kule mlangoni, nikachungulia kama mtu anayetamani chungu cha jirani. Niliona wekundu kidogo. Nikaandika: uvimbe wa fizi tu, mfupa haujaguswa. Nikampa dawa ya kusukutua. Nilipofika nyumbani nikajisifu kwa mke wangu kwamba nimemtibu mama yake bila kumvunjia adabu.

Mwaka haukuisha, mke wangu akaniambia mama hatafuni tena nyama, anamumunya tu. Tukamleta Arua kwa daktari mwenzangu, mwanamke, ambaye hana ukwe naye. Akapima, mimi nikiandika namba anazotaja: sita, saba, saba, nane. Ugonjwa wa fizi ulikuwa hatua ya tatu, umeshakula mfupa, na meno mawili ya mbele yalikuwa yanacheza, hayaokoleki. Mashimo hayo hayakuchimbika kwa miezi michache. Mengi yalikuwapo tangu siku ile ya mlangoni. Mwenzangu akauliza nani alimwona mwanzo. Nikatamani kujibu ni mpumbavu mmoja wa Koboko, wala nisingekuwa nimesema uongo. Nikasema ni mimi. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Meno yalipong'olewa nilimfuata kwenye benchi la nje, nikachuchumaa mbali kidogo, macho chini.

"Mama, nisamehe. Niliogopa kukukosea heshima."

Akaisogeza pamba kwa ulimi.

"Heshima iko mzuri, mwanangu," akasema. "Lakini mimi nilifungua mudomo. Wewe ndio ulifunga macho."