Malenga Aliyejijibu Mwenyewe

Jumamosi, kwenye baraza la kahawa la Mtaa wa Msimbazi, mwenzetu anayetusomea gazeti alifungua ukurasa wa mashairi. Fundi cherehani aliyekaa kando yangu akaacha kunywa. Shairi lake la kuwachokoza malenga wenzake lilikuwa limekaa wiki nyingi bila kujibiwa. Sasa jibu limetoka, la mtu wa Ilala asiyejulikana, nalo lilimcharura vibaya. Mzee mmoja alicheka akijipiga paja.

"Fundi, huyu kakumaliza! Rudi kwenye vifungo vyako."

"Mizani yake mibovu," fundi alijibu kwa hasira.

"Mizani gani? Huyu ndiye malenga. Wewe unatuchosha tu."

Tulipotoka alinishika mkono, akaninong'oneza.

"Bwana, huyo wa Ilala ni mimi. Nilichoka kungoja."

"Basi hongera, umesifiwa."

"Nimesifiwa wapi? Langu nimelihangaikia mwezi mzima. La yule nililiandika nikingoja pasi ishike moto!"

Nilimshauri amwachie kalamu mtu wa Ilala, maana huyo wa Ilala hana sifa ya kulinda. Hakunisikia. Sasa anatunga jibu la kumkomesha, na ameapa kwamba safari hii hatamhurumia.