Mkono wa Nyamizi

Wifi yangu Nyamizi hakuumbiwa magauni marefu. Nasema hivi kwa kumpenda, na hata akinisikia hatanuna, maana mimi na yeye tumeshataniana mpaka utani umekwisha. Yeye ni mtu wa plau. Kwao Sapiwi walizaliwa wasichana watupu, kwa hiyo baba yake alimpa kazi ambayo wenzake huwapa wavulana: kutangulia mbele ya maksai wakati wa kulima, kamba mkononi, kutoka ncha hii ya shamba la pamba mpaka ile. Mpaka leo ukimuuliza Nyamizi jinsi ng'ombe anavyosikia, atakwambia ng'ombe hasikii maneno, anasikia mkono. Unamgusa hapa, anageuka. Unamgusa pale, anasimama. Wanaopiga kelele ni wale wasiojua kulima.

Aliolewa na kaka yangu Ndalahwa, mwanajeshi. Wakapanga nyumba Bariadi mjini, mtaa wa Somanda, na mimi nikawa nakaa kwao kila baada ya mavuno, nikiuza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, sokoni. Kwa hiyo ninayoyasimulia mengine niliyaona kwa macho yangu, na ya ukumbini aliniambia mwenyewe Nyamizi, tukichuma pamba, bila kuinua uso.

Kaka alipelekwa Kongo kulinda amani. Huko bomu liliangukia karibu na gari lao, likawaka, naye akarudi ndani ya moto akawatoa wenzake wawili. Sikio la kushoto lilikufa siku ileile. La kulia madaktari waliliona zima, akarudishwa kazini na kupewa stoo ya sare. Lakini na hilo nalo lilikuwa linaaga polepole. Ilifika mahali ukimwita kwa nyuma hageuki, na redio anaifungulia mpaka majirani wanagonga ukuta. Aliyejua ni mkewe, na mimi, na basi.

Nilimwambia akaseme. Nilisimama mbele ya uso wake ili aone midomo yangu, nikasema, "Kaka, mficha maradhi kifo humuumbua. Nenda ukaseme kwa wakubwa wako."

Akanijibu taratibu, "Wakijua, wananirudisha nyumbani. Nyumbani nitakuwa nani, Monika?"

Kaka yangu alivaa zile sare tangu ndevu hazijamwota vizuri. Hata nguo zake za nyumbani alizipiga pasi kama anakwenda kukaguliwa.

Ndipo Nyamizi akaleta elimu yake ya maksai. Alimkamata mkono, akamfundisha kwenye kiganja. Kidole kimoja kikibonyeza, simama. Viwili, kaa. Akikikwaruza kiganja kwa dole gumba, watu wanapiga makofi, na wewe piga. Akikibana chote, unasemeshwa, tazama upande huu. Walianzia kanisani, wakaenda nayo harusini na misibani. Wazee waliguna, maana kwetu mke hamshiki mumewe mkono hadharani kama anayevuka naye mto. Kaka alicheka siku ile ya kwanza, akasema, "Kwa hiyo mimi ni fahali wako." Nyamizi akamwambia fahali hana kiburi kama chake.

Halafu ikaja kadi. Dhifa ya jioni na dansi, ukumbini pale mjini, kila mmoja na mwenzi wake, mgeni rasmi Brigedia. Kaka aliisoma akakaa chini. Jeshini kukataa mwaliko wa mkubwa ni jambo la kujieleza, na kujieleza ndiko alikokuwa anakukimbia.

Tulifanya mazoezi. Nilimvalisha Nyamizi gauni lake la bluu, refu mpaka chini, akatembea sebuleni ameliinua kwa mikono miwili kama anapita kwenye tope, nikamwambia ashushe, hapa si mbugani. Wakakaa mezani yeye na kaka. Mimi nikawa Brigedia. Nilishika kikombe cha uji, nikawapa mgongo, nikahutubia ukuta. Nilisema mambo ya ajabu, kwamba jeshi litanunua michembe yangu yote. Kila niliponyanyua kikombe, kaka alisimama wima na chake. Nilipojikwaa katika maneno, Nyamizi alimkwaruza kiganja, na kaka akanipigia makofi kwa heshima zote. Winnie, binti yao, alikuwa mdogo bado, akacheka mpaka akalala chini. Sijawahi kuiona nyumba ile na furaha kama jioni ile.

Tulipomaliza kaka hakucheka tena. Alimwambia mkewe, "Usiniachie mkono."

Nyamizi akasema, "Siuachii."

Siku yenyewe waliondoka wamependeza. Mimi nikabaki na Winnie.

Mambo yalikwenda vizuri, anasema Nyamizi, vizuri kuliko hata mazoezi. Wimbo wa taifa, wakasimama pamoja. Sala, glasi, hotuba, utani wa MC, vyote kaka alivipata kwa wakati wake. Mezani pao alikuwepo mama mmoja, Benedikta, mke wa kapteni, mtu mzuri tu lakini mdomo hautulii. Akasema, "Mama Winnie, mwachie mwenzio ale basi. Hatoroki." Meza nzima ikacheka. Nyamizi akabana kiganja, kaka akatazama, akacheka nao. Alikula kwa mkono mmoja jioni nzima na hakulalamika.

Kisha meza zikasogezwa, brasi bendi ikajiandaa. Desturi ni mgeni rasmi kufungua dansi na mke wa mwenyeji wake. Lakini Brigedia alisimama akasema yeye leo atafungua na mke wa askari aliyefika Kongo. Akavuka ukumbi mzima, akaja kusimama mbele ya Nyamizi, akainama kidogo na kunyoosha mkono.

Nyamizi hakuinuka. Aliubana mkono wa kaka, akaubana tena. Kaka hakuhitaji kubanwa, alikuwa anaona. Brigedia mwenyewe anamwomba mkewe, watu wote wanatazama. Uso wake ulijaa fahari. Akasema, "Nenda, Mama Winnie. Usinitie aibu."

Nyamizi akauachia.

Sijui mwanamke gani wa kwetu angekataa. Mkubwa amesimama mbele yako, mumeo amesema nenda. Lakini hilo yeye halimtoshi, na nimeacha kumwambia.

Walizunguka kidogo. Brigedia alikuwa mtu mpole, alimwongoza taratibu kwa sababu ya lile gauni. Akamwambia sikioni, "Mama, nina jambo la mumeo. Nimetaka ulione ukiwa hapa mbele." Akamwonyesha MC ishara. Bendi ikashusha sauti, MC akasoma: kwa ushujaa wa kuwaokoa wenzake, nishani, Sajenti Ndalahwa, apite mbele.

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Na kaka, pale mezani peke yake, akapiga makofi.

Alipiga kwa nguvu kuliko wote. Aliona watu wanafurahi, naye akafurahi. Watu wakageuza vichwa kumtazama yeye, naye akageuka nyuma amwone huyo anayeshangiliwa. Nyuma yake palikuwa na pazia. Akarudisha uso akitabasamu, akaendelea kupiga, akinyoosha shingo kuelekea mlangoni ili ampishe shujaa apite.

Nyamizi alitaka kukimbia. Brigedia alikuwa bado amemshika mkono, hakuwa amejua kitu, alidhani mama wa watu ameingiwa na furaha. MC akaita mara ya pili. Makofi yakaanza kupungua meza moja baada ya nyingine, mpaka ukumbi mzima ukanyamaza, na yakabaki ya mtu mmoja. Kaka alikuwa anamtazama mlangoni huyo asiyekuja, hakuona kwamba wenzake wameacha.

Kapteni aliyekuwa meza ileile ndiye aliyemgusa bega. Kaka akatazama kapteni, akatazama MC, akatazama mkewe kule katikati. Akaelewa. Alisimama, akavuta koti, akaenda mbele kwa hatua za gwaride zilizonyooka kabisa, akapiga saluti, akavalishwa. Nyamizi anasema hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Waliporudi nilikuwa nawasubiri niwafungulie. Niliiona ile nishani kifuani nikataka kupiga vigelegele, kisha nikaziona nyuso zao. Kaka alimgeukia mkewe mlangoni, akasema neno moja, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia.

"Hukuniambia."

Akaingia ndani.

Hawakumdhulumu jeshini, lazima niliseme hilo. Walimpima upya, bodi ya madaktari ikaandika kwamba hafai tena kwa utumishi, wakamuaga kwa heshima, na Brigedia mwenyewe alimpigia Nyamizi simu kumpa pole. Wakahamisha vyombo, wakarudi Sapiwi, maana na sisi ni wa hukohuko, kwenye kaya ya baba yetu, kwenye ng'ombe na pamba. Kaka alikuwa askari, sasa akawa mtu wa nyumbani, jambo lenyewe aliloliogopa. Lakini si hilo lililomvunja Nyamizi.

Kilichomvunja ni mikono. Kaka hakumgombeza, hakumpiga, hakutafuta mke mwingine. Alikunja tu mikono yake akaiweka nyuma. Mnajua askari wanavyosimama wakiambiwa mguu pande? Hivyo. Anatembea hivyo, anasimama zizini hivyo, kanisani anakaa akiwa ameifunga mgongoni. Nyamizi alikuwa tayari kusemwa na kijiji kizima, alihama upande wa akina mama kanisani akaenda kukaa kwa mumewe kwenye mabenchi ya wanaume, akaweka kiganja chake wazi juu ya benchi. Kilikaa pale mpaka misa ikaisha. Watu wanasimama, kaka anasimama baada yao. Watu wanakaa, anabaki amesimama peke yake, kisha anakaa. Na makofi hapigi. Tangu usiku ule hajampigia mtu makofi, awe askofu, awe bibi harusi.

Nilikasirika kwa niaba ya wifi yangu, na bado nina hasira. Nilimwendea kaka mbele ya uso nikamwambia, "Wewe ndiye uliyemwambia nenda." Aliisoma midomo yangu mpaka mwisho. Akasema, "Najua, Monika." Na mikono ikabaki nyuma.

Mwaka huu Winnie amemaliza kidato cha nne. Siku ya mahafali tulikwenda wote. Wazazi tulikaa chini ya turubai, Nyamizi katikati yangu na kaka. MC akasema sasa tunamwita mwanafunzi aliyefanya vizuri kuliko wote katika miaka yote minne, akaita jina la Winnie, akasema wazazi wake wasimame tuwaone.

Turubai lote liligeuka kututazama. Kaka aliyaona macho yale, watu wengi, wote kwake, na mikono inapigwa. Aliwahi kuyaona. Aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake. Nyamizi alipitisha mkono nyuma ya kiti, akaikuta mikono yake imefungwa kwa nguvu, akambonyeza juu ya vifundo vya vidole, simama, simama. Kaka hakufungua. Nyamizi asingeweza kumvuta mbele ya watu, kwa hiyo alisimama peke yake. Mimi nikapiga vigelegele vya watu watatu. Winnie alipita mbele kuchukua zawadi, akageuka kumtafuta baba yake, akaona kofia yake tu, uso umeinama.

Nyumbani hakula. Alisema, "Baba hakunipigia makofi," akaingia chumbani, akajifunika.

Mama yake akamfuata mlangoni. "Si baba yako, ng'wanawane, mwanangu. Ni mimi sikumwambia."

Kaka aliingia kula. Ni wakati huo tu kila siku mikono yake inatoka mbele, kwa sababu lazima anawe. Nyamizi alipiga magoti na jagi na beseni, akammiminia. Siku zote ananawisha na kuondoka. Siku hiyo alikishika kiganja kikiwa bado na maji, akakikwaruza kwa dole gumba, polepole, mara nyingi.

Kaka alinyanyua uso. Akageuka nyuma kumtafuta anayeshangiliwa. Palikuwa na ukuta, na sisi. Nyamizi akamwonyesha kwa kidevu mlango wa Winnie, na cheti kilichokuwa juu ya kabati. Kaka alikitazama cheti, akautazama ule mlango. Niliona kabisa siku nzima ikimrudia, turubai, macho ya watu, viatu vyake.

"Hukuniambia," akasema.

Nilifungua mdomo. Nyamizi alinizuia kwa jicho. Akamtazama mumewe ili aisome vizuri midomo yake.

"Ndiyo," akasema. "Sikukuambia."

Akachukua beseni, akatoka nje kumwaga maji.