Mistari Miwili ya Taa ya Sodiamu

Macho ya mwalimu wa fizikia yalianza kufifia taratibu. Kwanza alilaumu chaki, kisha balbu za darasani, mwisho akakubali kwamba tatizo ni macho yenyewe. Daktari alimwambia hakuna dawa. Siku yake ya mwisho kazini, mumewe, fundi cherehani, alifunga duka mapema akaenda kumsaidia kuhamisha vitu vyake kutoka maabara.

Walipomaliza kufunga maboksi, mwalimu aliwasha taa ya sodiamu. Chumba kizima kikawa cha manjano.

"Fundi," alimwambia mumewe, "miaka yote hii unanisikia nikitaja mistari miwili ya taa hii. Njoo uione."

Fundi akainamia spektroskopu, kifaa cha kutenganisha rangi za mwanga. "Mbona naona mmoja tu?"

"Kaza ile skrubu ya pembeni, polepole. Upenyo uwe mwembamba."

Akakaza, pumzi kaizuia kama anayetunga uzi kwenye sindano. "Alaa! Ni miwili!"

Mwalimu hakuamini haraka. Alimjua mumewe: ili kumfurahisha, angeweza kuona hata kumi.

"Inalingana?"

"Hapana, mwalimu. Mmoja umekolea kuliko mwenzake."

Mwalimu akacheka, machozi yakimlengalenga. Hilo hakuwahi kumwambia.

"Elektroni inazunguka kiini cha atomu," alimweleza, mkono begani pake. "Tena ina spini yake yenyewe. Tunaifananisha na pia ya watoto, ingawa haizunguki hivyo kweli. Mambo yote mawili yana usumaku, kwa hiyo yanahisiana. Yakielekea upande mmoja, nishati inapanda kidogo. Yakipingana, inashuka kidogo. Ndiyo maana mwanga unatoka wa aina mbili, zinazokaribiana mno."

"Kama mimi na wewe."

"Usiniharibie fizikia!"

"Na anayepinga ni mimi?"

"Nani mwingine?"

Vicheko vyao vilimfikia mwalimu mkuu aliyekuwa akipita ukumbini. Akaingia, akawakuta kwenye spektroskopu, mume akichungulia na mke akieleza, kisha akamwomba mwalimu asiache kufundisha kabisa: aje kila Jumatano kuwasaidia wanafunzi wa maabara.

Akaja, mumewe kamshika mkono. Wateja wa cherehani walinung'unika kukuta duka limefungwa, baadaye wakazoea. Wanafunzi walipochungulia, fundi alichungulia pia, akamnong'oneza mkewe kilichoonekana, naye akafundisha. Baadhi yao walimwita fundi "Mwalimu". Alikataa katakata, lakini kila Jumatano alivaa shati lililopigwa pasi.