Kiti Alichowekewa Mkwe

Lazaro, mwenyekiti wa kamati ya bustani ya mji, alimnyang'anya Ikupa kauli yake mbele ya watu wote wa Tukuyu bila kumgusa hata kwa kidole. Alimwekea baba mkwe wa Ikupa kiti jukwaani, basi. Kwa ajili ya kiti hicho wanawake kumi na wanne wauza ndizi walikosa mahali pa kuuzia, na mpaka leo wanaloa barabarani.

Ikupa aliuza ndizi kando ya barabara tangu mumewe, Noah, alipofariki. Shule hakuiona. Mvua ndiyo aliyoijua, mvua ya Tukuyu inayoanza kabla ya ile ya jana haijakauka mgongoni. Chini ya barabara palikuwa na jalala. Mwaka tisini na tatu walikuja wafadhili, wakasema pangefaa kuwa bustani. Wao wangetoa saruji, mabati na mabenchi, lakini kwanza waone nguvu za wananchi. Nguvu za wananchi, kama kawaida, zikawa shingo za wanawake.

Lazaro aliwafuata pale pale kwenye matenga yao.

"Mama zangu, nisombeeni mawe. Ile kona ya getini tutaiezeka bati, iwe yenu. Mtauza mkiwa wakavu kama wake wa mabwana shamba."

Wenzake walicheka. Ikupa hakucheka. "Na hilo litaandikwa na nani, mwenyekiti?"

"Siku ya ufunguzi mtatoa risala. Mtakachoomba mbele ya mgeni rasmi kinaingia kwenye muhtasari, na wafadhili wanafuata muhtasari. Utasema wewe."

"Sijui kusoma."

"Basi sema kwa mdomo. Huo unao, tunaujua."

Wakasomba mawe miezi saba. Walishuka mtoni alfajiri na kupanda na mawe meusi juu ya ngata, wakang'oa ukoka mashambani kwao na kuupanda palipokuwa na takataka. Kila alipopanda mlima Ikupa alirudia risala yake, mpaka ikabaki sentensi moja: "Mgeni rasmi, sisi wanawake wa ndizi tuliosomba mawe haya tunaomba kona tuliyoahidiwa."

Sasa, kwa Wanyakyusa wa rika lake, mwanamke hakutani na baba wa mumewe. Hamtazami, hataji jina lake, na akimwona njiani huacha njia akajificha migombani. Wasichana wa mjini walikwishaanza kuiacha mila hiyo. Ikupa hakuiacha, hata baada ya kumzika Noah. Kwa miaka ishirini na miwili mkwewe alikuwa kwake kikohozi cha nyuma ya ukuta tu. Lazaro alizaliwa kijijini Masukulu, nyumba ya tatu kutoka kwa mzee huyo. Hakuna aliyehitaji kumwambia kwamba Ikupa bado anaishika mila hiyo.

Siku ya ufunguzi Ikupa alisimama mbele ya wenzake, kitenge kipya kiunoni. Gari la kamati lilifika, na kabla hajaona aliyeshuka, alisikia kikohozi. Miguu ilimpeleka yenyewe nyuma ya mianzi. Mzee akakalishwa jukwaani, ubavuni mwa mgeni rasmi, hatua tatu kutoka kwenye kipaza sauti.

Rafiki yake Sekela alimfuata. "Wanakuita wewe."

"Yupo pale."

"Nani?"

"Unajua ni nani. Mimi simtaji."

Sekela alichungulia, akashusha pumzi. "Jifunike khanga uende hivyo hivyo."

"Nisimame magotini pake nikipiga kelele? Nenda wewe. Sentensi unaijua."

Sekela alikwenda. Lazaro alimzuia kwa tabasamu. "Ratiba ina jina la Ikupa, dada. Watu hawabadilishwi kama ndizi kwenye tenga." Watu wakacheka. Akaita tena, akangoja kidogo, kisha akasema, "Inaonekana akina mama wameridhika." Karani akaandika hivyo hivyo.

Mwezi haukupita, ile kona ikapewa mfanyabiashara wa bia. Bati likaezekwa juu ya kreti zake. Ikupa alimkuta Lazaro amekaa kwenye benchi jipya, miguu juu ya mawe aliyoyabeba yeye Ikupa.

"Mama Tumpe," alisema Lazaro, akimwita kwa jina la mwanawe, "nilikuita mara mbili. Mashahidi wapo."

"Ulianza kumwita nani, mimi au yeye?"

"Mzee aliletwa kwa heshima."

"Miezi yote saba tuliyosomba mawe hukumletea heshima hiyo."

"Siku hizi ni biashara huria, mama. Kila mtu yuko huru. Wewe umefungwa na nani? Na mila zako mwenyewe."

"Mila zangu hazijawahi kumdhulumu mtu," alisema Ikupa. "Wewe ndiye uliyezishika ukanipiga nazo."

Lazaro alitazama saa yake.

Wiki ile mama mkwe alikuja kutoka Masukulu, akakaa jikoni, akatua ujumbe. "Mzee anasema aliambiwa anakwenda kuiombea bustani. Kwamba wewe ungekuwepo, hakuambiwa. Alipoona kitenge nyuma ya mianzi alielewa, akageuza uso. Anasema wakiitisha mkutano mwingine, hata walete magari matatu, hatatoka nyumbani."

"Mwambie ndaga," alisema Ikupa, yaani ahsante, na ndipo alipolia, kwa hasira.

Mkwe, basi, amemaliza lake. Lazaro bado, na uenyekiti bado anao. Anadaiwa mkutano mmoja, mchana kweupe, juu ya ukoka ule ule. Karani awe na kalamu. Jina la Ikupa liitwe mara moja tu; ya pili haitahitajika. Sentensi yake anayo, haijapungua hata neno.