Simenti Yangu na Kidaka cha Bibi

Ndugu zangu, mkosa ni mimi. Msinitafutie udhuru.

Mimi ni mtu wa ndoto, wanaonijua hucheka. Nikiona ukuta mweupe wa hospitali mpya nasimama naupapasa kama anayemchagulia mchumba kanga. Shule niliishia darasa la saba, lakini nilibeba matofali kule Quitunda, zilipojengwa nyumba za waliohamishwa kupisha mradi wa gesi, nikajifunza kupiga lipu. Nikarudi kijijini najiita mestre, fundi mkuu. Fundi wa lipu tu!

Bibi aliyenilea alikuwa na nyumba ya mawe ya matumbawe, kuta nene, boriti za mikoko darini, vidaka ukutani, vishubaka vya kuwekea vitu. Katika kidaka cha upande wa kibla aliweka msahafu wa babu. Kila mwaka kabla ya Ramadhani kuta zilipakwa chokaa iliyolazwa na maji shimoni uani. Babu aliichoma mwenyewe kabla hajafa, shimo zima, imtoshe mkewe.

Mimi nikaona haya. Ukuta unatoa unga!

"Bibi, nitaing'arisha nyumba yako kama hospitali."

"Mume wangu," ndivyo alivyonitania tangu mdogo, "jiwe hili limetoka baharini, linatoa jasho. Ukiliziba, jasho litokee wapi?"

"Kwani nyumba ina makwapa, Bibi?"

Alicheka mpaka akakohoa. Macho yake yalishaingia ukungu, kazi yangu hakuiona vizuri. Nilipiga simenti nje na ndani. Vidaka nikavijaza vifusi, nikabakisha kile cha msahafu kwa sababu mkono wake ulikwenda pale kila siku. Shimo la chokaa nikalifukia, juu nikaweka pipa la maji. Majirani wakasifu. Ee, nilivyovimba kichwa!

Masika mawili tu. Lipu ikatoka malengelenge kama ngozi iliyoungua. Nikaibandua nikapiga nyingine, nzito zaidi! Kumbe maji yamenaswa ndani, vichwa vya boriti vinaoza nisipopaona. Alasiri moja Bibi yuko juu ya mswala, dari likashuka.

Nyonga ilivunjika. Ule mwanga kidogo wa macho nao ukazima.

Shangazi, bintiye, akamchukua kwake Quitunda. Akaniambia mbele ya watu, "Mestre! Na kaburi la mama utalipiga lipu?"

Bibi alililia jambo moja: arudishwe kwake, afie pale. Nami, kwa huruma yangu ya kijinga, nikamwambia tumesharudi, nasi tuko mlemle chumbani kwa Shangazi. "Hapa ni kwako, Bibi. Nimejenga upya." Shangazi akageuza uso.

Jamani, alivyofurahi! Akaniombea dua. Kisha akauliza, "Mbona bahari siisikii?"

"Kuta ni mpya, Bibi. Nene."

Asubuhi yake akaomba nimshike, atembee. Akaanza kupapasa ukuta, kona hadi kona, polepole, huku nyonga inamuuma.

"Kidaka changu kiko wapi?"

"Kiko... upande ule."

Tukazunguka chumba kizima, matofali matupu. Akasimama anahema.

"Basi ni mkono wangu uliosahau," akasema. "Uzee, mume wangu. Usinicheke."

Anajilaumu yeye! Mimi niliyemvunja, nikamdanganya, ananiomba radhi! Afadhali angenitukana.

Tangu siku hiyo tunazunguka kila asubuhi. Ncha za vidole vyake zimechubuka kwa simenti. Nikifumbua kinywa niseme kweli, naona namwangushia dari mara ya pili.

Vijana wenzangu, ukikuta nyumba ya wazee, usishike mwiko wa lipu kabla hujamsikiliza anayelala ndani yake. Chokaa aliyoilaza marehemu haiuzwi dukani. Na ukishakosa, ungama siku ileile, uongo usije ukajengwa juu ya kosa. Mimi nimechelewa.

Hapa ninapoandika ananiita. Leo anasema tuanzie mlangoni, huenda jana tulikipita.