Anayelipa Ndiye Mwenye Mtoto

Mwalimu mkuu alikuja mwenyewe kwetu Sepuka, Singida, kwa baiskeli, kusema kwamba nimechaguliwa kwenda sekondari. Baada ya shikamoo na kukaribishwa kigoda, baba hakuuliza shule yenyewe iko wapi. Aliuliza ada ni ng'ombe wangapi.

Kaka yangu alisomeshwa na ng'ombe, kabla ya uhuru. Kila mwaka dume mmoja alipelekwa mnadani, na baba alijivunia jambo hilo mbele za watu. Sasa mwalimu akajibu kwa furaha, "Hakuna ada, mzee. Serikali ndiyo inayolipa."

"Basi haendi," baba akasema.

Mwalimu alidhani baba hataki msichana asome. Sivyo. Kwetu, mwanamume akioa bila kutoa ng'ombe, watoto watakaozaliwa ni wa baba mkwe. Ng'ombe ndio wanaosema mtoto ni wa nani. Baba aliichukua sheria hiyo akaipeleka shuleni vilevile ilivyo: serikali ikinilipia, mimi si wake tena. Tena baba mdogo alikuwa amerudi kutoka kufanya kazi Kenya, akatusimulia kuwa huko wazazi wanachangishana na kujijengea shule.

"Wale wana akili," baba alimwambia mwalimu. "Watoto wao watabaki kuwa wao."

"Lakini mzee, serikali inapata wapi fedha? Si kodi yako hiyo?"

Baba akafikiri. "Yangu peke yangu?"

"Ya wananchi wote."

"Sasa huyu atakuwa mtoto wa wangapi?"

"Wa taifa, mzee."

Heri angenyamaza! Nilikuwa nyuma ya mlango nikimlaani kimoyomoyo, maana shule ile niliitaka kuliko chakula. Aliyeniokoa ni mama. Alitoka jikoni akasema, "Baba watoto, mwache aende. Ni wa nani, tutajua akirudi."

Nilikwenda, na sikurudi ila kwa likizo. Serikali ilinisomesha, ikanifanya mwalimu, ikanipangia kazi Mtwara, ambako sikuwa na ndugu hata wa kuniazima chumvi. Nililia wiki za mwanzo, kisha nikazoea. Huko huko nikapata mchumba. Wazee wake walisafiri kuja kwetu kuzungumzia mahari, roho mkononi, kwa kuwa walisikia watu wa Singida hutaja ng'ombe bila huruma.

Baba aliwachinjia mbuzi. Walipokwisha kula, akasema hataki ng'ombe hata mmoja. Wageni wakapiga makofi, na mmoja wao akamsifu kuwa huyu ndiye mjamaa wa kweli. Mama aliinama akafunika mdomo kwa kanga.

Jioni baba aliniita kando, uso umekunjuka kuliko nilivyowahi kumwona.

"Wewe serikali imekuchukua, sina ugomvi nayo," alisema. "Wajukuu ni wangu."