Ruhusa Iko

Jina lake lilikuwa Hafsa, lakini karani wa kambi ya jeshi aliyemwandikisha alisikia vyake, akaandika Afisa. Baba yake, askari wa Koboko, alicheka akasema vizuri, nyumba yangu imepata mkubwa. Utani huo ukamfuata maisha yake yote. Hata ukimbizini, siku za njaa, watu walimuuliza kama afisa naye anapanga foleni ya unga. Alicheka nao. Wakati ule alikuwa mtu wa kucheka.

Mwaka 1979, serikali ya kijeshi ilipoanguka na familia za askari zikawa za kuwindwa, kaka yake Sulaimani ndiye aliyemvusha mpaka wa Zaire, mkono mmoja umemshika yeye, mwingine umeshika sufuria ya mama. Baba alifia huko huko. Waliporudi kijijini kwao Dranya walikuta kuta tupu, na Sulaimani akajifunza uashi kwa kuijenga nyumba yao upya. Afisa alipelekwa kwa masista wa misheni ya Ediofe kujifunza kupiga taipu. Majirani walinong'ona, binti wa Kiislamu kwa masista! Sulaimani akawaambia taipu haina dini.

Ndivyo Afisa alivyofika mjini, Arua Hill, katika ofisi ya Bwana Adriko, msanifu majengo. Ofisi ilichora zahanati na shule, kisha ikasimamia mikataba ya kuzijenga. Watu hudhani kazi ya msanifu ni kuchora. Kuchora ni nusu tu. Nusu nyingine ni kuulizwa. Mkandarasi anauliza, msanifu anajibu, anatoa maagizo, anatoa ruhusa, na kila neno lazima litunzwe, maana jengo likiharibika kila mtu husahau alichosema. Mtunza maneno hayo alikuwa Afisa.

Katikati ya miaka ya tisini ikaja kompyuta, na ndani yake programu waliyotengenezewa wasanifu kwa kazi hiyo hiyo ya mikataba. Kila swali kutoka kwenye ujenzi lilipewa namba, na lililochelewa kujibiwa lilikumbushwa. Programu ilikuwa na tabia nyingine ambayo hakuna aliyeifikiria sana: ruhusa ilijiandaa yenyewe. Siku ya kazi fulani ikikaribia, ruhusa yake ilitokea kwenye kioo, ina jina la jengo na la mkandarasi, haikupungua kitu, ila chini kabisa neno moja dogo: inasubiri. Ilikuwa ikimsubiri Bwana Adriko aikubali.

Afisa aliipenda mashine ile kuliko ilivyostahili. Alitoka katika nchi ambayo makaratasi yote yaliungua, vyeti, hati za viwanja, picha ya harusi ya wazazi wake, na hapa palikuwa na kitu kinachokumbuka. Jenereta ikiwashwa tu, yeye alikuwa wa kwanza kuketi.

Sulaimani wakati huo alikuwa fomeni wa zahanati iliyokuwa ikijengwa Dranya, nyumbani kwao. Baraza la mbele lilikuwa na paa la zege, limeshamwagwa, bado limeegemezwa kwa chini na miti mpaka likauke. Mvua zilikuwa zimeandamana, na Bwana Adriko hakutaka miti iondolewe mpaka afike alitazame zege kwa macho yake. Lakini barabara ya Koboko ilikuwa na waasi, na hakufika.

Asubuhi moja Sulaimani akapiga redio ya mawasiliano.

"Afisa, ile ya kutoa miti ya baraza. Ruhusa iko?"

Afisa akabonyeza vitufe. Zamani angepekua mafaili mpaka kucha zimvunjike. Sasa ruhusa ikatokea kabla hajameza mate. Akaona fahari, masikini, fahari ya kumwonyesha kaka yake mashine inavyokimbia.

"Iko."

"Iko?"

"Iko, kaka. Mimi naona hapa."

Hakusema uongo, na hapo ndipo pa kutia uchungu. Kwa watu wa Koboko iko ni iko: kitu kipo, kimetimia, kichukue. Enzi za karatasi, ruhusa isiyotiwa sahihi haikuwa ruhusa, na hakuna ambaye angesema iko. Mashine ndiyo iliyoleta kitu ambacho kipo na bado hakijawa. Kiswahili chao hakikuwa na neno la kitu cha namna hiyo, na Afisa hakusimama kulitafuta.

Sulaimani aliingia mwenyewe chini ya baraza kugonga miti, kwa sababu hakupenda kumtuma mtu mahali asipokwenda yeye. Zege likamshukia. Walipomtoa alikuwa ameshakata roho.

Uchunguzi haukuchukua muda. Programu ilifanya kazi yake barabara: ruhusa ya Dranya inasubiri, haijatolewa. Basi ripoti ikasema fomeni aliondoa miti bila ruhusa, na aliyepewa kuichapa ni Afisa. Alipofika kwenye maneno hayo akaacha kuchapa. Akaenda kwa Bwana Adriko.

"Alinipigia redio, mzee. Mimi nilimwambia iko."

Bwana Adriko akavua miwani. Hakuwa mtu mbaya, na ingekuwa nafuu kama angekuwa mbaya. "Hayo mazungumzo, kwenye mashine iko?"

"Haiko."

"Basi usijibebeshe, binti. Ripoti haimuumizi marehemu. Wewe una mama wa kutunza."

Ripoti ikaenda vile vile. Dranya ikavuma kwamba Sulaimani alijiua kwa haraka zake, na mama yao, aliyekwisha kuzika mume ugenini, sasa alisikia mwanawe akiitwa mzembe hata kisimani.

Siku ya arobaini, mama alisubiri wageni waondoke. Kiswahili cha kambini ndicho walichozungumza nyumbani siku zote.

"Watu nasema Sulaimani alitoa miti bila ruhusa. Mimi nakataa. Ule mutoto hata maji alikuwa naomba kwanza. Wewe nakaa na mashine. Ruhusa ilikuwa iko?"

Afisa alitazama ukuta ambao Sulaimani aliupiga lipu kwa mikono yake. Angejibu haiko, yeye angebaki na mama, na kaka angebaki na aibu hiyo kaburini.

"Aliuliza, mama. Mutu alimwambia iko. Sulaimani hana kosa."

Uso wa mama ukafunguka. "Nilijua," akasema. "Mimi nilijua!" Alimshika Afisa mkono akaubana. Kisha akauliza ambalo mama yeyote angeuliza. "Mutu gani?"

"Mimi."

Mama aliuachia ule mkono. Akaifunika sahani ya Afisa, chakula kikiwa bado nusu, akaingia ndani. Kesho yake alipita nyumba hadi nyumba akieleza kwamba mwanawe aliuliza na akaambiwa iko, na jina la Sulaimani likasafika. Aliyemwambia hakumtaja.

Afisa huenda Dranya kila Ijumaa, barabara ikiwa salama. Hubeba sukari na sabuni, husimama mlangoni akabisha kama mgeni.

"Mama iko?"

Ndani husikika mwiko ukigonga sufuria. Kisha sauti ya mama mwenyewe humjibu, taratibu, bila hasira yoyote:

"Haiko."